Ushauri: mpwa wangu ni askari wa Malawi. Je, nchi ndogo iende kwenye vita vya mbali?

Mjomba wa Ipinda

Wakuu, habari za leo. Naombeni mnisome hadi mwisho, jambo hili limeugawa ukoo wetu.

Naishi Ipinda, Kyela. Dada yangu aliolewa ng'ambo ya mto Songwe, Karonga, na mtoto wake wa kwanza ni askari wa Jeshi la Malawi. Kijana anasema ikitangazwa misheni nyingine ya nje, ataomba jina lake liwemo. Baba yake hataki kulisikia. Anasema Malawi haipakani hata na Kongo, lakini Januari 2025 wanajeshi wake watatu waliuawa kwenye mapigano ya Goma, mji wa mashariki mwa Kongo, na mpaka leo hakuna aliyemweleza walikufa kwa ajili ya nini. Kijana anajibu kwamba nchi ndogo inayojifungia ndani haitakuwa na wa kuililia siku yake ikifika. Wamebishana hadi hawasalimiani. Dada akanipigia simu: wewe ndiye mjomba, sema neno.

Sitaki kwenda kusema neno ambalo sijalipima. Kifo hakinisumbui kama mnavyoweza kudhani, askari amekula kiapo na anajua. Ninachotaka kuelewa ni hiki: nchi kama Malawi, au hata sisi, inapaswa kupima nini kabla ya kupeleka watoto wa watu kwenye muungano wa kijeshi ulio mbali? Nikilielewa hilo nitajua cha kumwambia kijana, na cha kumwambia shemeji.

Naomba kuwasilisha.

Mama Neema, Mafinga

Pole mjomba. Mimi niko na baba yake. Vijana wa jeshi nawaona hapa Mafinga tangu wakiwa kuruti, wanakimbia barabarani alfajiri na baridi hii yetu, na kila mmoja ana mama. Mlinzi wa mpaka namwelewa. Wa kwenda kufia kwa watu ambao hata lugha yao haijui, simwelewi. Mwambie akae.

Mstaafu wa Uyole

Mjomba, salaam. Nilikwenda Kongo mwaka 2013, sasa nimestaafu, nalima viazi. Mama Neema namheshimu, ila naomba nitofautishe mambo mawili ambayo watu wanayachanganya.

Misheni ya 2013 ilitokana na azimio namba 2098 la Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, Machi mwaka huo. Ilikuwa brigedi ya nchi tatu: sisi, Afrika Kusini na Malawi. Kamanda wa kwanza alikuwa wa kwetu, Jenerali James Mwakibolwa. Kazi iliandikwa waziwazi: kuvunja nguvu ya makundi yenye silaha, siyo kukaa kambini kuhesabu risasi zinazopita juu. Novemba mwaka huohuo M23, waasi wa mashariki mwa Kongo, walishindwa na kukimbia. Mmalawi niliyekuwa naye kwenye lindo alijua anafanya nini pale na alijua nani anampa amri.

Misheni ya Desemba 2023 ilikuwa ya SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika. Nchi zilezile tatu, adui yuleyule kwa jina, lakini kila kitu kingine kilikuwa tofauti. M23 walikuwa wamerudi wakiwa na nguvu kubwa kuliko tuliyoikuta sisi. Gharama zilikuwa juu ya nchi za SADC zenyewe. Goma ilipoanguka Januari 2025, vijana walibaki kambini wakiwa wamezungukwa, uwanja wa ndege uko mikononi mwa waliokuwa wanapigana nao. Rais wa Malawi wakati huo, Chakwera, alitangaza mwanzoni mwa Februari kwamba Malawi ijiandae kuondoka, na Machi SADC ikaifunga misheni nzima. Lakini kutangaza kuondoka na kuondoka ni vitu viwili. Ilibidi wazungumze na M23 ndipo njia ipatikane, na njia yenyewe ikapita Rwanda hadi kuingia kwetu.

Kwa hiyo mimi ningepima kitu kimoja kabla ya vyote: njia ya kurudi. Nchi kubwa ikikwama ina ndege zake, ina marafiki wa kupigia simu usiku. Nchi ndogo ikikwama inasubiri huruma ya aliyefunga barabara. Kama serikali haiwezi kueleza kwa sentensi mbili askari wake watarudije mambo yakiharibika, isiwapeleke, hata kama sababu ya kwenda ni nzuri kiasi gani.

Na usidhani misheni ya Umoja wa Mataifa haina kaburi. Tarehe 7 Desemba 2017, Semuliki huko Kongo, kambi yetu ilivamiwa usiku, wakafa wenzetu wasiopungua 14. Nawakumbuka kila Desemba.

Kijana wa Parachichi

Shikamooni wakubwa. Mimi natofautiana kidogo na mama wa Mafinga kwenye neno "mbali".

Nalima parachichi aina ya Hass hapa Rungwe. Novemba 2023 Wahouthi, wapiganaji wa Yemen, walipoanza kushambulia meli Bahari ya Shamu, wengi hapa tuliona ni habari za televisheni. Baadaye tukaambiwa meli zinazokwenda Ulaya zinazunguka Rasi ya Tumaini Jema badala ya kupita Mfereji wa Suez. Parachichi ndani ya kontena la baridi haliongezewi wiki mbili ukapokea bei ileile. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba vita vya Yemen viko shambani kwangu.

Desemba 18 mwaka huo Marekani ikatangaza muungano wa kulinda meli kwenye bahari ile. Kwenye orodha ya kwanza kulikuwa na jina moja tu la Afrika: Shelisheli. Nchi ya watu laki moja hivi! Watu wakashangaa inapeleka nini. Serikali yao ikafafanua: hatupeleki meli wala askari, tunatoa na kupokea taarifa. Na ukiangalia wanaishi kwa nini, ni jodari na watalii, vyote vya baharini. Maharamia wa Kisomali waliwahi kuwatesa hadi wakawa wanawahukumu kwenye mahakama zao wenyewe. Wana sababu, na wamechagua mzigo unaolingana na bega lao.

Kwangu mimi huo ndio mfano. Kujiunga si lazima kuwe na maana ya kutoa watu wa kufa.

Mngonde

Mjomba, mimi ni mtu wa Karonga, nipo Mbeya mjini kibiashara. Nataka kumtetea kijana kidogo, kisha nimtetee baba yake.

Malawi haikuanza jana kupeleka jeshi nje. Mwaka 1987 wanajeshi wetu waliingia Msumbiji kulinda reli ya Nacala dhidi ya waasi wa Renamo. Wazee walilalamika, wapo waliofia kule. Lakini ukimuuliza mzee wa kijijini jeshi linafanya nini Msumbiji, angekujibu bila kufikiri: linalinda reli. Nchi yetu haina bahari. Reli ile ikikatika, mafuta na mbolea vinazunguka kwa malori hadi bei inamuua mkulima. Sababu ilionekana kwa macho.

Sasa muulize mtu yuleyule kuhusu Goma. Utasikia "mshikamano", utasikia "SADC". Ni maneno mazuri, na mimi naamini Wakongo wanastahili msaada, mateso ya wale watu yamezidi. Ila baba wa marehemu anapopokea sanduku lenye bendera hawezi kulishika neno mshikamano mkononi. Shemeji yako hana ubishi na mwanawe. Ana madai kwa serikali yake, na mwanawe ndiye aliye karibu.

Mjomba wa Ipinda

Mngonde, umenigusa. Hilo la mwisho sikuwa nimeliona hivyo hata kidogo.

Ndaga fijo wote. Ila kuna hoja ya kijana sijaipatia jibu. Anasema ukisaidia wakubwa leo, nao watakusaidia kesho. Ni kweli?

Mwalimu wa Historia, Iringa

Kamwene, mjomba. Hoja hiyo naifundisha kidato cha sita na huwa inawasha darasa. Nikupe Georgia, ile ya Caucasus. Nchi ya watu milioni nne hivi, jirani yake ni Urusi. Ilipeleka Iraki wanajeshi hadi kufikia 2,000 hivi, kwa matumaini hayohayo ya mpwa wako. Agosti 2008 ikaingia vitani na Urusi. Marekani iliwapa ndege za kuwarudisha wale wanajeshi nyumbani haraka, ikatoa maneno makali na misaada. Hakuna mshirika hata mmoja aliyekuja kupigana bega kwa bega nao. Siwalaumu Wageorgia, walikuwa na hofu ya kweli na walitafuta kinga pale walipoiona. Lakini deni la urafiki kati ya mkubwa na mdogo hulipwa kwa kiasi anachotaka mkubwa.

Na kuna hatari nyingine, ya jina tu. Mwaka 2003 orodha ya Marekani ya nchi zilizounga mkono vita vya Iraki ilikuwa na Palau, Visiwa vya Marshall, Iceland isiyo na jeshi la kudumu, na Costa Rica iliyofuta jeshi lake mwaka 1948. Afrika walikuwemo Uganda, Rwanda, Ethiopia na Eritrea. Wadogo hao hawakuwa wanahitajika kwa bunduki, walihitajika kuongeza idadi ili vita vionekane vya dunia nzima. Mwanafunzi mmoja wa sheria wa Costa Rica akaenda mahakamani, na Septemba 2004 mahakama yao ya katiba ikaamua kwamba serikali ilikosea, jina liondolewe. Likaondolewa. Nchi isiyo na kifaru hata kimoja ililinda heshima yake kwa karatasi na wakili.

Mzee wa Tukuyu

Mwalimu kasema vyema. Mimi nilikuwa kijana mwaka 1978, Amin alipoingia Kagera. Mwalimu Nyerere alituambia sababu ya kumpiga tunayo, uwezo tunao na nia tunayo. Maneno matatu yale ndiyo kipimo ninachokijua mimi. Umoja wa Nchi Huru za Afrika haukutubeba. Msumbiji walituletea askari, na walikuwa maskini kama sisi, tena wana Smith wa Rhodesia mlangoni. Baadaye tukafunga mkanda, tukaambiwa miezi 18, ikapita mingi zaidi. Kwa hiyo kijana hajakosea kabisa. Rafiki wa kweli yupo, ila ukihesabu vizuri ni yule ambaye nyumba yake nayo ingeungua.

Kijana wa Parachichi

Mzee shikamoo. Na Comoro je? Machi 2008 jeshi letu lilikwenda kisiwa chao cha Anjouan na Wasudani kwa niaba ya Umoja wa Afrika, na Kanali Bacar aliyekuwa amekishikilia kisiwa kwa uasi akakimbilia Mayotte, kisiwa cha Ufaransa. Ile haikuwa nyumba yetu.

Mstaafu wa Uyole

Kijana, Comoro ilikuwa jirani wa baharini, serikali yao halali ndiyo iliyoomba, adui alikuwa mmoja anayejulikana, na kazi ikaisha ndani ya siku chache. Ndiyo maana watu hata hawaikumbuki. Misheni zikifanana na ile ningezisaini zote.

Wakili Mdogo, Mbeya

Naongeza la kisheria, kwa ufupi. Ibara ya 44 ya Katiba yetu inampa Rais mamlaka ya kutangaza hali ya vita, kisha Spika aitishe Bunge ndani ya siku 14. Lakini misheni za ushirika mara nyingi hazitangazwi kuwa vita, kwa hiyo mlango huo haupitiwi. Wananchi wanakuja kusikia siku ya mazishi. Kwa maoni yangu hapo ndipo nchi ndogo zinapojiumiza, Malawi na sisi sote. Kundi likivuka mpaka kwa zaidi ya mafunzo, mbunge wa Kyela au wa Karonga angepaswa kusimama na kuuliza: kazi ni ipi, inaisha lini, nani analipa, nani anaamuru. Umoja wa Mataifa una kiwango chake kinachojulikana, mwaka 2018 kilikuwa dola 1,428 kwa askari kwa mwezi, kikapandishwa kidogo baadaye, na kinalipwa kwa serikali. Misheni ya kanda haina uhakika huo. Mzazi ana haki ya kuyajua haya kabla.

Mama Neema, Mafinga

Nimesoma yote. Bado sitaki mwanangu aende. Ila nakubali kama mbunge angeuliza hayo maswali mbele yetu, ningelala usingizi nusu.

Mstaafu wa Uyole

Mjomba, jambo la mwisho ni la nyumbani. Askari akiamriwa haulizi, lakini kijana wako anasema ataomba. Muulize anaomba kwa nini. Kama ni posho ya misheni ajenge nyumba, siyo dhambi, nami nilijenga hivyo, ila aseme wazi ili baba yake ajue anabishana na kitu gani. Na kabla ya safari yoyote ahakikishe majina ya warithi jeshini ni sahihi. Nimeona wajane wakihangaika kwa sababu fomu ilijazwa akiwa kuruti, imebaki na jina la mama aliyekwishafariki.

Mjomba wa Ipinda

Asanteni sana. Jumamosi navuka Kasumulu. Nitaanza na shemeji peke yake, kwa lile alilosema Mngonde, kwamba madai yake ni kwa serikali. Nikimaliza naye ndipo nimwite kijana tuongee habari ya njia ya kurudi, na nimtajie Georgia. Nikiona anasikiliza nitamuuliza na hilo la posho.

Mngonde, mbunge wenu anapatikana Karonga mwishoni mwa wiki au hadi Lilongwe? Shemeji ni mtu wa kuandika barua, na nadhani hii anaweza kuiandika.