Kinanda cha laki mbili na nusu mtandaoni au cha laki nne na nusu Ujiji?

Mwanakwaya_Mwanga
Habari zenu wadau, naombeni ushauri kabla sijatuma hela. Kwaya yetu ya vijana hapa Mwanga, Kigoma tumechanga tangu Januari tumefikisha laki tano na kidogo, tunatafuta kinanda used. Viko viwili. Cha kwanza nimekiona mtandaoni, muuzaji anasema yuko Dar, Yamaha PSR-E373 "kama mpya" laki mbili na nusu, anataka laki moja kwanza asije akampa mwingine. Cha pili kiko Ujiji kwa mzee mmoja, ni E363, toleo la nyuma yake, laki nne na nusu, ila mzee kaniambia mwenyewe kuna kii tatu ukizigusa hata taratibu zinapiga kelele kuliko zenzake. Vijana wote wanataka cha Dar. Mimi roho inasita.

Kasulu_Besi
Usitume hata mia mkuu. Muulize kwanza kwa nini anauza bei hiyo, maana ikishuka hivyo basi ama kii zimekufa ama spika imechanika ama ni cha wizi ama hakipo kabisa. Halafu chukua picha zake uzipitishe Google Lens. Mimi niliwahi kuletewa gitaa eti liko Sinza, nikaangalia vizuri ukutani nyuma yake, soketi ya matundu mawili ya duara, nikajiuliza Sinza gani hiyo yenye soketi za Ulaya? Kutafuta, picha ni ya tangazo la nchi nyingine.

Mwanakwaya_Mwanga
Amenitumia na video lakini, kinalia vizuri sana, ngoma, besi, kila kitu.

Fundi_Isevya
Ndugu yangu, kwenye hiyo video mikono unaiona? Hivi vinanda vina kitufe cha DEMO, ukikibonyeza kinapiga wimbo chenyewe mwanzo mwisho. Hapo umejua umeme unaingia na spika inatoa sauti, basi, kuhusu kii hujajua chochote. Mwambie apige videokoli abonyeze zote 61 moja moja, kushoto kwenda kulia, kwanza taratibu halafu kwa nguvu, kisha akigeuze uone ile lebo ya chini yenye modeli na namba. Wengine wanakuuzia PSR-F51 kwa jina la E373 na kwa mbali mtu hajui, ila F51 ukigusa taratibu au ukigonga sauti ni ileile.

Sasa hicho cha Ujiji. Chini ya kila kii kuna mpira wenye vidoti viwili vyeusi vya kaboni, kimoja kinagusa bodi kabla ya kingine, na kinanda kinapima muda uliopita kati ya hivyo viwili ndio kinajua umegusa kwa upole au umegonga. Vumbi au jasho likiingia hapo hesabu inaharibika, kii inapiga kelele au inanyamaza kabisa. Mara nyingi nafungua, nasafisha bodi na mpira kwa spiriti na pamba, naacha vikauke, kazi ya mchana mmoja hapa Tabora. Mpira ukiwa umechanika ndio shughuli nyingine. Kwangu mimi ugonjwa niliotajiwa na mwenye mali ni nafuu kuliko uzima wa kwenye picha.

MamaKwaya_TBR
Mwanangu msikilize fundi. Sisi tulituma hela yote, kikaja kwa basi kimefungwa blanketi, tukawasha kikawaka tukashangilia, Jumapili katikati ya wimbo oktava nzima ya juu, yaani zile kii za mwisho kulia, ikanyamaza. Simu ya muuzaji ikawa haipatikani. Kutoka huku mpaka Dar utamfuata nani na kwa nauli gani? Hela ile walichanga watoto wa kuuza karanga, mpaka leo inaniuma.

Kasulu_Besi
Na ukienda Ujiji beba hedifoni, spika inaweza kuwa inakoroma ukadhani ni kinanda kizima. Uliza na adapta, hizo ni za volti 12, asije akakupa ya redio.

Mwanakwaya_Mwanga
Wakuu nimerudi. Yule wa Dar nilimwomba videokoli akasema kinanda kiko stoo, jioni akasema mtandao unasumbua, usiku akashusha mpaka laki mbili bila mimi kuomba. Nikawasomea vijana meseji zake zote, wakanyamaza.

Leo nimetoka Ujiji. Nimebonyeza zote 61 mzee amekaa pembeni ananisubiri, mbovu nimekuta nne sio tatu, ile ya nne ni fa ya chini kabisa, ukiigusa haitoi kitu mpaka uikandamize. Mzee akaijaribu mwenyewe mara mbili, akasema hiyo sikuijua, punguza elfu sabini kwenye bei. Hedifoni safi, adapta ni yake yenyewe. Nimelipa, kiko hapa kitandani. Fundi Isevya, kuna mwenzetu anapanda treni kuja Tabora wiki ijayo, naomba nikutumie nacho.

Fundi_Isevya
Kileteni. Kifungeni kwa godoro, kii ziangalie juu, na msiweke mzigo wowote juu yake.