Mjadala: Kitongoji cha watu 480 kikose barabara kwa sababu hakijafika 500?

Njiapanda: Wadau, nimesoma India miaka minne na jambo hili halijanitoka. Mpango wao wa barabara za vijijini, PMGSY, ulianza Desemba 2000 enzi za Waziri Mkuu Vajpayee. Nchi tambarare, kitongoji kipate barabara ya kupitika mwaka mzima kikiwa na watu 500. Milimani, jangwani na kwenye maeneo ya makabila, 250. Wenye 480 wasubiri. Mimi naona ni dhuluma. Mnasemaje?

Chuma_cha_Reli: Mkuu, India ina vijiji zaidi ya laki sita. Fedha haitoshi wote kwa mkupuo, lazima mstari uchorwe mahali. Na asiyetaka kusubiri amwige yule mzee wa jimbo la Bihar aliyepasua mlima kwa nyundo miaka 22.

Bi_Kilindi: Hapo umenikera, kaka. Mzee huyo, Dashrath Manjhi, alikuwa Musahar, kibarua asiye na shamba, tabaka linalobaguliwa hata miongoni mwa wanaobaguliwa. Alianza 1960 kwa sababu ya mkewe aliyeumia mlimani, na watu wakamwita kichaa. Msiba wa mtu unaugeuza fimbo ya kuwachapia maskini?

Chuma_cha_Reli: Nimemsifu, sijamtukana. Soma vizuri, dada.

Mhesabu: Naomba turudi kwenye hesabu. Kinachohesabiwa ni kitongoji, si kijiji kizima. Nyumba za Wadalit, watu wa matabaka ya chini kabisa, mara nyingi ziko pembeni, mbali na kijiji kikubwa. Kwa hiyo lami inaweza kufika kwa wenye mashamba, kijiji kikaandikwa kimeunganishwa, na wa pembeni wakabaki kwenye tope. Tena awamu ya nne ya mpango huo, iliyopitishwa Septemba 2024, bado inatumia sensa ya 2011. Mtoto aliyezaliwa 2012 hayumo.

Chuma_cha_Reli: Bi Kilindi, nakusubiri. Manjhi alifupisha njia kutoka kilomita 70, huo ni mfano mbaya?

Mzee_Ngomeni: 55, kijana. Kati ya Atri na Wazirganj, zikawa 15. Ukitaja kazi ya marehemu, itaje sawasawa.

Chuma_cha_Reli: Sawa mzee, 55. Hoja yangu iko palepale.

Kiberenge: Mimi nina swali jingine. Barabara bila basi ina faida gani? Kuna utafiti wa wanauchumi Asher na Novosad, 2020, walilinganisha vijiji vilivyopita mstari huo wa idadi ya watu kidogo na vilivyoukosa kidogo. Barabara ilipofika, watu waliacha vibarua vya shamba wakatafuta kazi nje. Mavuno na kipato havikubadilika sana.

Chuma_cha_Reli: Umeona! Sasa kilio cha nini?

Bi_Kilindi: Kilio cha nini? Shangazi yangu alibebwa kwa machela usiku kucha wakati wa masika, gari lilishindwa kufika. Alifika amekata roho. Wewe unanipimia magunia ya mahindi! Barabara si ya mavuno peke yake.

Chuma_cha_Reli: Pole sana dada, kwa dhati. Lakini mimi nazungumzia bajeti.

Bi_Kilindi: Bajeti ndiyo iliyombeba kwenye machela.

Njiapanda: Jamani, swali langu ni wale 480. Mhesabu kasema jambo zito na hakuna aliyemjibu.

Mzee_Ngomeni: Tutafika huko. Kwanza huyu kijana aelewe kwamba Manjhi aliuza mbuzi wake anunue nyundo na patasi. Alipofariki 2007, serikali ya Bihar ikamzika kwa heshima za kitaifa.

Chuma_cha_Reli: Kwa hiyo walimthamini.

Bi_Kilindi: Walimthamini amekufa! Miaka 22 anagonga mwamba walikuwa wapi?