Naomba ushauri: menyu ya klabu yenye afya na ladha

Habari zenu wakuu. Nimepewa kazi ya kupanga menyu mpya ya mgahawa wa klabu yetu hapa Moshi. Wanachama wengi ni watu wazima, wapo wenye presha na sukari, na kwa sasa wanakuta chipsi, kuku wa kukaanga na mishkaki basi. Nimefikiria perege wa bwawa la Nyumba ya Mungu, achomwe kwa ndimu na tangawizi, aliwe na mnafu. Mtori unabaki, hilo halina mjadala.

Kinachonisumbua ni chumvi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe gramu 5 kwa siku, na mpishi wetu anategemea viungo vya pakiti. Mnaopikia wengi, mnakolezaje ladha? Na badala ya chipsi, ndizi za kuchoma zitapendwa?