Waliofika Mtoni, Kidichi na majumba mengine ya mashamba Unguja, tupeane uzoefu

Assalaam alaykum. Naomba tuelezane habari za majumba haya: mliyoyaona, mliyosimuliwa na wazee, mliyoyafanyia kazi.

Naanza na Mtoni, jumba la Sayyid Said, sultani wa Zanzibar, alikozaliwa binti yake Salme mwaka 1844. Paa limekwenda, kuta zimebaki, na ua wa kati walikofugwa tausi na mbuni bado unaonekana. Aliyetutembeza alizungumza sana kuhusu masultani. Nilipouliza waliobeba mawe yale ni kina nani, jibu lilikuwa fupi mno. Limenikaa moyoni.

Fundi, Mjini
Mimi nakarabati nyumba za mawe. Pima upana wa chumba chochote cha zamani, hauzidi sana mita tatu. Boriti za mikoko zinazobeba dari ndizo zilizoamua, kwani urefu wake una kikomo. Urefu nenda utakavyo, upana hapana. Ukuta ni mawe ya matumbawe kwa chokaa, mnene, ndiyo maana ndani kuna ubaridi. Adui wake ni saruji! Ukipiga lipu ya saruji juu ya chokaa, unyevu unafungiwa ndani na ukuta unakufa taratibu. Nimebandua nyingi, na kila mara inaniuma.

Jirani wa Kidichi
Hamamu yetu, yaani nyumba ya kuogea, Sayyid Said aliijenga mwaka 1850 kwa ajili ya mkewe Mwajemi. Nje kuba nyeupe tu. Ingia ndani uone ndege na maua yaliyochongwa kwenye lipu, kazi ya Kiajemi hasa. Nendeni asubuhi, kabla ya magari ya watalii wanaotembezwa mashamba ya viungo.

Mpemba
Ndugu yangu uliyeuliza kuhusu waliobeba mawe, mimi ni kitukuu wao. Tufani ya 1872 iliangusha mikarafuu ya Unguja, ya Pemba ikasalimika zaidi, na wazee wangu walikuwa watumwa kwenye mashamba hayo. Utumwa ulipofutwa 1897 walibaki palepale, wakimfanyia kazi mwenye shamba ili wapate pa kukaa na kulima mihogo. Bibi alinieleza tukianika karafuu, akanikataza kulisema mbele za watu. Mimi naona lisemwe, na liandikwe kwenye vibao vya majumba yale.

Aliyeanzisha
Ahsante sana, Mpemba. Nakuunga mkono kwa vibao. Maruhubi, jumba la Sultani Sayyid Barghash, iliungua 1899, nguzo bado zimesimama. Mwenye kisa cha waliofanya kazi huko atuwekee.