Mjadala: Kumwita kuli "manamba" ni utani au dharau?

Wakuu, habari za leo. Hapa Kigoma tumegawanyika juu ya maneno kama manamba, mshamba na mtu wa milimani. Kuna wanaosema ni utani wetu wa kawaida, na anayekasirika ana lake jambo. Mimi nasema ni dharau ya mwenye nacho kwa asiye nacho.

Manamba halikuzaliwa kijiweni. Kuanzia 1944 ofisi ya wenye mashamba ya mkonge, SILABU, ilikusanya wanaume huku kwetu, Kasulu na Kibondo, wakapelekwa Tanga kukata mkonge. Huko mtu alijulikana kwa namba kabla ya jina la babake. Leo mzee anabeba magunia ya dagaa mwaloni Kibirizi, ufukweni boti zinaposhusha mzigo, shati limelowa mgongoni, na kijana mwenye mzigo, wa kulingana na mwanawe wa mwisho, anamfokea: "We manamba, tia mguu!" Waliosimama wanacheka. Mzee anaongeza mwendo. Akijibu, gunia linalofuata atapewa mwingine.

Mtaniambia hata makuli wana maneno yao ya kuwaita wenye nacho: mshua, mtoto wa geti kali. Kweli wanayo. Ila sijaona mtoto wa geti kali aliyekosa kazi kwa kuitwa hivyo. "Mshamba" likishamganda mtu, hata ujira wake unapangwa kwa jina hilo.

Watu wa Ujiji wanalijua hili tangu enzi za misafara ya pembe na watumwa. Kulikuwa na waungwana, kulikuwa na washenzi, na aliyejifunza mambo ya pwani alimwona wa kijijini si mtu kamili. Jicho lile bado tunalo.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba kijana yuleyule wa mwaloni akienda Dar naye anaitwa "mwisho wa reli", kwa kuwa reli ya kati iliyofika kwetu 1914 inaishia hapa. Anarudi amenuna, anasimulia alivyodharauliwa, na kesho yake yuko Kibirizi anamfokea mzee wa watu.

Utani tunaujua jamani. Mnyamwezi na Mzaramo wanataniana hata msibani, na kila mmoja ana zamu ya kumrudishia mwenzake. Sasa ninyi mnaosema manamba ni utani, nitajieni kuli mmoja aliyemrudishia bosi maneno yaleyale, na kesho yake akaitwa tena kazini.