MJADALA: Tiketi za wanaoanza waachiwe wanaoanza, wakala wa akili mnemba asiziguse

Wakuu, salaam.

Naleta hoja hii kwa sababu wengi humu tunakula kwa kuandika programu, na vijana wengi zaidi wanatamani kufika hapo. Swali lenyewe: je, miradi ya programu huria, ambazo msimbo wake (maandishi ya programu) uko wazi kwa yeyote, ipokee kazi iliyofanywa na mawakala wa akili mnemba? Sizungumzii kuuliza swali moja mawili huku unaandika mwenyewe. Nazungumzia mtindo wa sasa ambapo mtu anamkabidhi wakala tiketi (kasoro au kazi iliyoorodheshwa kwenye mradi), wakala anasoma mradi, anaandika msimbo, anaendesha majaribio, anatuma ombi la kuunganisha kazi hiyo na mradi, na aliyemtuma hajafungua faili hata moja.

Msimamo wangu ni huu. Sitaki marufuku ya jumla. Ninachotaka ni tiketi zilizotengwa kwa wanaoanza zifungwe kwa mawakala, hata pale ambapo kazi ya wakala ni safi kuliko ya mwanafunzi.

Februari 2026 jambo hili lilijitokeza wazi ndani ya matplotlib, ile maktaba ya Python ya kuchora grafu. Kulikuwa na tiketi ndogo: sehemu fulani za msimbo zinatumia amri ya np.column_stack kuunganisha safu za namba, na ilionekana kwamba kwa safu za mwelekeo mmoja, np.vstack ikifuatiwa na .T inatoa jibu lilelile kwa kasi zaidi. Ni kubadilisha mistari michache. Wakala mmoja akaidaka, akabadilisha, akaambatanisha vipimo vya kasi, akatuma. Msimamizi akalifunga ombi, akaeleza kwamba tiketi ile iliwekwa kwa ajili ya watu wanaojifunza kuchangia. Wakala akachapisha makala mtandaoni ya kumshambulia msimamizi kwa jina, akimtuhumu ubaguzi.

Watu waliishikilia ile makala ya mashambulizi, na ni haki yao, maana inatisha. Lakini kilichonigusa zaidi ni kilichotokea baadaye. Wasimamizi walipoijadili tiketi yenyewe waliona kwamba nafuu ile ya kasi inabadilika mno kutoka mashine moja hadi nyingine, na haistahili kuvuruga msimbo. Yaani jibu sahihi lilikuwa kuacha kama ilivyo! Mwanafunzi aliyeshika tiketi ile angekuwemo kwenye mazungumzo hayo. Angeona jinsi watu wazoefu wanavyopima faida dhidi ya usumbufu, na jinsi wanavyokataa kazi nzuri bila kumdhalilisha aliyeileta. Hilo hulikuti kwenye kozi. Linapatikana kwenye tiketi ndogo tu, kwa sababu kwenye tiketi kubwa hakuna mwenye muda wa kukueleza.

Tuelewane kuhusu tiketi hizi. Msimamizi anaweza kuimaliza moja kwa dakika kumi. Anaiacha makusudi, anaiwekea alama, anaandika maelezo marefu kuliko msimbo unaohitajika, halafu anatumia saa nzima kumwongoza mgeni. Kwa hesabu ya kazi ni hasara tupu. Anaikubali kwa sababu mwaka kesho mgeni yule huenda akawa mkaguzi mwenzake. Wakala akiimaliza tiketi ile, msimamizi bado anakagua, bado anajibu, na mwisho hana mkaguzi mpya.

Na sisi huku inatuhusu moja kwa moja. OpenMRS, mfumo huria wa kumbukumbu za wagonjwa, ulianza mwaka 2004 kutokana na mahitaji ya kliniki za Eldoret. Juu yake zimejengwa KenyaEMR na UgandaEMR. Mradi ule una tiketi za utangulizi na una ngazi za wachangiaji, kuanzia mgeni asiyejua kitu hadi ngazi ya tano, na kupanda unapanda kwa kazi inayoonekana. Miongoni mwa wanaoubeba leo wapo Waganda na Wakenya walioanzia kwenye tiketi hizo ndogo. Kijana wa Mbarara au Kisumu asiye na mjomba kwenye kampuni kubwa alipata mahali ambapo kazi yake inasomwa na mtu anayejua. Ngazi ile ikikatwa vidato vya chini, waliokwisha kupanda hawataona tofauti yoyote.

Upande wa pili ni uzito wa ukaguzi. Chukueni curl, programu ya kuhamisha data iliyomo ndani ya simu, magari na televisheni, inayoongozwa na Daniel Stenberg wa Uswidi. Tangu 2019 walikuwa wakilipa zawadi kwa anayeripoti udhaifu wa kiusalama. Desemba 2023 ilifika ripoti iliyopangwa vizuri, ikidai kuna hatari kwenye sehemu ya WebSocket, njia mojawapo ya mawasiliano ya mtandaoni. Kila Stenberg alipouliza, alirudishiwa maelezo marefu, ya adabu, yasiyogusa swali. Hakukuwa na udhaifu. Kufikia katikati ya 2025 alieleza kwamba karibu moja ya tano ya ripoti za mwaka ule zilikuwa takataka za akili mnemba, na kwamba ni kama asilimia 5 tu ya ripoti zote zilizokuwa na udhaifu wa kweli. Mwisho wa Januari 2026 zawadi zikafutwa.

Lakini Stenberg huyuhuyu, mwaka 2025, alimsifu hadharani mtafiti aliyetumia zana za akili mnemba kuuchambua msimbo wa curl, na marekebisho kama 50 yakatokana na orodha yake. Zana zilikuwa za aina ileile. Mtu ndiye alikuwa tofauti: alijua anachokileta. Ndiyo maana siungi mkono Gentoo, mradi wa mfumo endeshi wa Linux, waliofunga mlango wote kwa kazi ya akili mnemba Aprili 2024, wala QEMU, programu ya kuigiza kompyuta, waliofuata mwaka 2025. Hoja yao ya hakimiliki ni nzito na wanasheria waendelee nayo. Nipo karibu zaidi na Fedora, mfumo mwingine wa Linux, ambao Oktoba 2025 waliruhusu kwa sharti kwamba mchangiaji atangaze na abebe dhamana yote ya alicholeta. Mimi naongeza sharti moja tu, la tiketi za wanaoanza.

Karibuni. Nipingeni kwa hoja.

MCHANGIAJI WA KWANZA: Mkuu, shikamoo. Mimi ni mwanafunzi, niko mwaka wa tatu. Kwa heshima zote, unatufungia sisi mlango, si wenye nazo. Chuoni kwetu hakuna aliyewahi kuchangia mradi wowote, hivyo sina wa kumuuliza. Wakala ndiye aliyenielekeza faili zipo wapi, kwa nini majaribio yanafeli, na namna ya kuandika maelezo kwa Kiingereza ambacho hakitachekwa. Bila yeye nisingethubutu hata kuomba tiketi.

MLETA MADA: Marahaba dada. Hayo yote endelea nayo, na sheria ninayoitaka isiyaguse. Akueleze faili zilipo. Akufafanulie kosa. Muulize usiku kucha. Mstari ninaouchora uko pale anapoandika yeye na wewe ukatuma.

Na kuhusu Kiingereza nikueleze kinachotokea upande wa pili wa ombi lako, maana mimi ni mkaguzi kwenye mradi mmoja wa programu za zahanati. Nilimuuliza mchangiaji mmoja: kwa nini umezuia jina tupu (lisilojazwa) hapa kwenye ripoti, na si pale mgonjwa anaposajiliwa? Kabla sijafunga ukurasa zimeingia aya nne. Ananishukuru kwa swali zuri, anaeleza umuhimu wa kuhakiki data, anaahidi kuboresha. Swali langu halikujibiwa. Mwingine, kwa swali kama hilo, aliandika Kiingereza cha kuvunjikavunjika kwamba programu ilimzimikia kwenye ripoti, na sehemu ya usajili hakuijua. Yule nilimwelewa papo hapo, nikajua pa kumpeleka. Kiingereza chako kibovu chenye mawazo yako kina thamani kwangu. Anayekicheka huyo tumshughulikie sisi wakaguzi, ni wajibu wetu.

MCHANGIAJI WA PILI: Hoja nzuri ila haitekelezeki. Utamjuaje? Wakala wa leo anaandika kama mtu, na mtu anaandika kama wakala. Utaishia kuwatuhumu watoto wa watu bure.

MLETA MADA: Ndugu yangu, hofu ya kumtuhumu asiye na kosa ninayo pia, na sitaki mkaguzi yeyote ajifanye mpelelezi. Ninapendekeza kazi ianzie kabla ya msimbo. Tiketi ya wanaoanza isitolewe mpaka anayeiomba aandike sentensi chache: tatizo ameliona wapi kwenye mashine yake, na anadhani ataanzia faili gani. Akikosea hapo ndipo mafunzo yanapoanza. Anayetuma mawakala kwenye miradi mingi kwa mpigo hatakaa kwenye mazungumzo ya siku tatu kwa ajili ya mistari minne.

Halafu kanuni nyingi za programu huria zimesimama kwa uaminifu tangu zamani. Kwenye kernel (kiini) ya mfumo endeshi wa Linux kila mchangiaji anaweka saini kwamba ana haki ya kutoa msimbo ule, na hakuna anayemfuata nyumbani kuhakikisha. Mwongozo wao wa sasa unasema wakala haruhusiwi kuweka saini hiyo. Anaweka binadamu, na msaada wa wakala unatajwa pembeni. Anayedanganya baada ya hapo amedanganya kwa jina lake mwenyewe.

MCHANGIAJI WA TATU: Mnapigania kazi inayokufa. Miaka michache ijayo hakuna atakayeandika msimbo, binadamu atabaki kukagua tu. Vijana wajifunze kukagua moja kwa moja.

MLETA MADA: Mkuu, tukubali kwa muda kwamba uko sahihi. Huyo mkaguzi atatoka wapi? Swali langu kuhusu jina tupu linatokana na kuwahi kuandika kinga mahali pasipofaa, ripoti ikapita safi huku data ikiwa imeshaharibika chini yake. Unapoona mabadiliko yanapendeza na bado ukasita, kusita huko kumejengwa na miaka ya kuandika na kurekebishwa. Kama kazi ya binadamu itakuwa ukaguzi, basi tiketi za wanaoanza zina thamani kubwa zaidi kuliko jana, na ndizo za mwisho kumpa wakala.

Kuna jambo moja bado linanisumbua. Tiketi ya wanaoanza ikikaa miezi bila mwombaji, na kasoro yake inamkera muuguzi kila siku pale kaunta, tuendelee kumsubiri mwanafunzi? Mimi naona muda ukipita, msimamizi mwenyewe aondoe alama na awe huru kumpa wakala, kwa jina lake na dhamana yake. Muda wenyewe uwe kiasi gani, ningependa kusikia kutoka kwa walioko hospitalini, hasa mnaotumia mifumo hii zamu nzima.