Mrejesho: Opinel au Higonokami?
Niliwauliza kisu kipi cha kukunja kinamfaa mkusanyaji anayeanza, Opinel cha Ufaransa au Higonokami cha Japani, na baada ya majibu yenu nilinunua vyote viwili, vya chuma cha kaboni. Higonokami, kinachotengenezwa mjini Miki, kina makali ya kunyolea, lakini hakina kifungio: bapa huzuiwa na kidole gumba kinachokandamiza kijino cha nyuma, hivyo sikitumii kuchonga mti mgumu. Opinel namba 8, chenye bapa la sentimita 8.5 na pete ya kufungia iliyobuniwa mwaka 1955, ndicho ninachokishika kila siku, ingawa nilikiacha mvuani (kosa langu) na mpini wa mbao ukavimba, kikawa kigumu kufunguka mpaka kilipokauka.